Kasuku wa Ghala la Mbata

Kunguru ndio waliotoa taarifa kabla ya binadamu. Asubuhi ya Jumamosi walikuwa wengi mno juu ya shamba la Majaliwa, kule Zinga, wanapigana na kupokonyana juu ya shimo la zamani lililochimbwa udongo wa kujengea. Majaliwa aliwavumilia, mwishowe akatupa jembe, akaenda kutazama wanagombea nini. Alipochungulia alikaa chini palepale. Shimo lilikuwa limejaa kasuku.

Saa mbili na nusu Inspekta Mwanaharusi Pazi alikuwa amesimama ukingoni, mikono kiunoni. Koplo Ishaka alikuwa ameshuka kwa ngazi. Alikuwa akiwatoa mmoja mmoja na kuwapanga juu ya turubai. Kijivu, mkia mwekundu. Kijivu, mkia mwekundu. Wengi wao walikuwa na vifua vitupu, ngozi inaonekana kama kuku aliyenyonyolewa.

"Mia moja sabini na sita, afande," Ishaka alisema alipopanda juu, jasho likimtiririka. "Nimehesabu mara mbili."

"Kunguru wamewanyonyoa vifua hivi?"

"Siyo kunguru." Aliyejibu ni Dokta Husseni, daktari wa mifugo, aliyekuwa amepiga magoti kando ya turubai. "Wamejinyonyoa wenyewe. Kasuku akibanwa bandani na wenzake, hana pa kuruka, hana la kufanya, hujing'oa manyoya mpaka atoke damu. Hawa wameteseka miezi mingi kabla ya kufa, Inspekta."

Inspekta Pazi alikuwa na miaka kumi na miwili katika upelelezi. Alikwisha kuona maiti za watu, akadhani moyo wake umeota sugu. Kumbe bado. Hasira ilimpanda, akaiacha ipande.

Hapakuwa na haja ya kuuliza kasuku ni wa nani. Hatua mia nne kutoka shimoni palikuwa na kituo cha kutunzia kasuku cha Mzee Shamsudin, ambaye Bagamoyo nzima ilimwita Baba Kasuku. Miaka saba nyuma aliletewa kasuku ishirini waliokamatwa mikononi mwa walanguzi, akawajengea mabanda katika shamba lake la minazi. Wakaletwa wengine, na wengine tena. Mzee Shamsudin hakuwahi kukataa hata sanduku moja. Redioni wakamsifu, misikitini wakamwombea dua.

Na huyo anakuja mwenyewe, kanzu nyeupe pe, kofia ya kushonwa kwa mkono, macho mekundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona msiba wangu?"

"Nimeuona. Nani kawatupa humu?"

"Mimi."

Inspekta hakulitegemea jibu hilo. Alimtazama vizuri zaidi.

"Jana jioni niliwakuta wamekufa mabandani," Mzee alisema. "Nikaogopa maradhi, wasije wakaambukiza waliobaki. Nikawaleta hapa kwa toroli. Leo asubuhi nilikuwa nije kituoni, basi kunguru wamenitangulia."

"Wamekufa kwa nini?"

"Sumu. Na aliyewapa namjua."

Aliyemtaja aliitwa Mwaija. Alikuwa mhudumu wa kasuku kwa miaka sita. Alhamisi Mzee alimfukuza kazi kwa sababu, alisema, mwanamke yule ana mdomo. Ijumaa asubuhi akarudi kuchukua vitu vyake. Koplo Ishaka alipopekua kibanda alichokuwa akilala pale shambani kwa Mzee, alikuta kopo la sumu ya panya chini ya mkeka. Saa nne Mwaija alikuwa mahabusu. Saa sita mkuu wa Inspekta akapiga simu.

"Kesi imejifunga yenyewe, Mwanaharusi. Jumatatu asubuhi huyo mama apandishwe kizimbani. Mzee Shamsudin ni mtu wa watu, usimzungushe."

"Naam, mkuu," alisema Inspekta. Kisha akaagiza Mwaija aletwe chumba cha mahojiano.

Mwaija alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mikono yote imejaa makovu madogo ya midomo ya kasuku. Alikaa bila kuambiwa akae.

"Ulifukuzwa kwa nini?"

"Kwa kusema."

"Kusema nini?"

"Kwamba mabanda yale ni ya kasuku mia na ishirini na sisi tunao mia mbili tisini na nne. Kwamba wanadonoana macho. Kwamba kila wiki nazika watano, sita. Nilimwambia Mzee mpaka nikachoka. Alhamisi nikamwambia, wageni wako wakija kesho nitawaeleza mimi mwenyewe."

"Wageni gani?"

"Wa shirika la kulinda ndege, kutoka Dar. Wanakuja kukagua ili wampe cheti."

"Mzee akasemaje?"

"Akasema wakija nisionekane pale."

"Lakini Ijumaa ulirudi."

"Saa tatu asubuhi. Nikachukua begi langu na sufuria zangu. Nikapita kuwaaga."

"Ukawalisha?"

"Niwalishe kwa nini? Vyombo vyote vilikuwa vimeondolewa. Nikamuuliza Mzee, mbona viumbe hawajala? Akasema watakula wageni wakishaondoka, wasije wakachafua mabanda."

"Na sumu?"

Mwaija alicheka kwa uchungu. "Mimi nalala na paka wawili, afande. Sumu ya panya ya nini?"

Inspekta aliandika. Mwaija akaendelea kumtazama.

"Mwezi wa nne nilikuja hapahapa," alisema. "Kaunta. Nikamwambia askari wa zamu, kasuku wa Zinga wanakufa kwa kubanana, njooni muone. Akaniambia niende nikawaite kasuku wenyewe waje kuandikisha maelezo, si wanajua kusema? Wakacheka wote. Mngekuja siku ile, leo wangekuwa hai. Sasa mmekuja, na mliyemkamata ni mimi."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Siku ile aliikumbuka. Alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anakunywa chai. Na yeye alicheka. Aibu ilimshika.

"Rudi ukapumzike, dada Mwaija," alisema hatimaye.

"Nikapumzike wapi? Mahabusu?"

Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Inspekta alitoka akaenda moja kwa moja kwenye kabati la vielelezo, akavaa glovu, akalitoa lile kopo katika mfuko wa ushahidi. Aliligeuza. Akafungua kifuniko. Kisha akaita kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Ishaka!"

Koplo alikuja mbio.

"Nani kati yenu alilifungua kopo hili?"

"Hakuna, afande. Tuliogopa kuharibu alama za vidole."

"Hongera. Tazama ndani."

Chini ya kifuniko palikuwa na karatasi ya fedha ya kiwandani, imebana vilevile, haina hata tundu la sindano.

"Haijatobolewa, afande."

"Haijatobolewa. Kwa hiyo Mwaija kawauaje kasuku mia moja sabini na sita, Koplo? Kawaonyesha kopo wakafa kwa hofu?"

"Hapana, afande."

"Mwanamke wa watu yuko ndani kwa kopo ambalo halijafunguliwa! Loo! Na mimi nimesaini!"

Alilirudisha kopo mfukoni. Kama si Mwaija, basi aliyeliweka pale alikuwa na sababu. Na njia ya mwongo ni fupi, mradi mpelelezi akubali kuifuata mpaka mwisho.

Dokta Husseni alikuwa amewapasua kasuku kumi na wawili katika chumba chake cha kazi. Mizoga ilikuwa imelala juu ya meza ya bati, kila mmoja na namba yake.

"Firigisi tupu," alisema kabla hajaulizwa. "Wote kumi na wawili. Hakuna punje hata moja. Hawakula siku nzima, sasa hiyo sumu ilipitia wapi?"

"Wamekufa na nini?"

"Sogea uone. Mapafu yamejaa masizi. Na damu hii, nyekundu mno, inang'aa. Ulishawahi kuona watu waliolala na jiko la mkaa, mlango na madirisha yamefungwa?"

"Nimeona. Mara mbili."

"Ni kitu kilekile. Hewa ya sumu ya mkaa humuua mtu mzima kwa saa kadhaa. Kasuku, kwa jinsi pafu lake lilivyo laini, hachukui muda. Hawa walifungiwa mahali penye mkaa na moshi, Inspekta. Mabandani haiwezekani. Mabanda ni ya waya, upepo unapita."

Inspekta aliinama juu ya mzoga mmoja. Alijiandaa kwa uvundo, na uvundo ulikuwepo. Lakini chini ya uvundo palikuwa na harufu nyingine. Alimnyanyua ndege, akamsogeza puani, akavuta pumzi kwa nguvu. Akamchukua wa pili. Wa tatu.

"Dokta, hebu nusa."

Daktari alinusa akakunja uso. "Udi?"

"Udi, wallahi. Kasuku wamefukizwa udi kama bibi harusi."

Ukizaliwa pwani hufundishwi harufu hiyo. Mgeni anakuja, nyumba inafukizwa. Nguo inatoka kabatini, inatandazwa juu ya tege la kufukizia, chetezo chenye makaa na udi kinawekwa chini, mlango unafungwa mpaka nguo ile inywe moshi. Inspekta aliifanya kazi hiyo tangu ana miaka saba. Lakini hakuwahi kusikia ndege akifukizwa.

Alitoka nje akampigia simu mmoja wa wale wageni wa Ijumaa, msichana wa shirika aitwaye Jasmin.

"Mlifika saa ngapi?"

"Saa nane, baada ya Sala ya Ijumaa."

"Mlihesabu kasuku?"

"Ndiyo, mmoja mmoja. Mia moja na kumi na nane. Tulifurahi sana, maana tulipata barua kwamba wamebanana. Tukaona mabanda yana nafasi, masafi. Tukasema barua ni fitina."

Inspekta alifumba macho. Mia moja na kumi na nane ndio waliokuwa hai hata leo asubuhi. Mia moja sabini na sita waliokuwa turubaini, saa nane Ijumaa hawakuwa mabandani. Walikuwa mahali pengine, wamefichwa. Mzee alisema aliwakuta wamekufa mabandani. Uongo mtupu.

"Mlipokewa vipi?"

"Vizuri mno! Tukala pilau barazani. Pananukia, mpaka nikauliza ni udi gani."

"Mlisikia chochote?"

Jasmin alifikiri. "Kelele. Tukiwa tunakula. Kama zinatoka nyuma ya ukuta. Mzee akasema ni kuku wa jirani. Akainuka kwenda kuwafukuza, akarudi baada ya dakika chache anatokwa machozi. Akasema moshi wa jikoni umemwingia machoni. Kuna nini, dada?"

"Kuna mengi," alisema Inspekta. "Utaitwa kuandika maelezo. Usifute picha hata moja."

Jumapili saa tatu asubuhi walifika Zinga na hati ya upekuzi. Mzee Shamsudin alikuwa amekwenda kwenye mazishi Vigwaza, alisema mkewe, Bi Ummy. Inspekta alimwamkia, akamwonyesha hati, akapita moja kwa moja nyuma ya baraza.

Pale palikuwa na ghala la mbata. Enzi za baba yake Mzee Shamsudin, nazi zilikaushwa na kuwekwa humo. Ukuta wake mmoja ndio ukuta wa baraza. Mlango mmoja wa mninga, madirisha mawili madogo. Inspekta alisukuma mlango, akarudi nyuma hatua moja, kwa joto na harufu.

"Piga picha kila kitu," alimwambia Ishaka. "Usikanyage sakafu bado."

Sakafu ilikuwa imedekiwa, lakini aliyedeki hakuangalia juu. Kwenye boriti palikuwa na kinyesi cha ndege kibichi na manyoya mekundu. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, yamekandamizwa kwa mbao. Na kwenye mbao za mlango, upande wa ndani, chini kabisa, palikuwa na alama. Mamia ya alama. Mninga ni mti mgumu, lakini ulikuwa umechimbwa kwa midomo.

Ishaka alishusha kamera.

"Walikuwa wanataka kutoka, afande."

"Piga picha, Koplo," alisema Inspekta. Kama Mzee Shamsudin angekuwa mbele yake dakika ile, pengine kazi yake ya upolisi ingeishia pale pale ghalani.

Bi Ummy alikuwa jikoni, amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Inspekta alikaa juu ya kigoda mbele yake. Alitoa kwenye mfuko kasuku mmoja aliyefungwa kwa kitambaa.

"Bibi, samahani kwa ninalokufanyia. Nakuomba unuse."

"Ninuse mzoga?"

"Manyoya ya mgongo. Tafadhali."

Bi Ummy aliinama kwa kusitasita. Alinusa, akaganda. Akanusa tena. Mkono wake ulitoka kwenye nazi ukaenda kinywani.

"Huu udi wangu," alisema.

"Una hakika? Udi si ni udi?"

"We mtoto wa pwani na unasema udi ni udi?" Bi Ummy alikasirika kabisa. "Kila mwanamke ana mpiko wake. Mimi natia karafuu na ganda la chungwa katika sukari, nilifundishwa na mama yangu Pangani, na hapa Bagamoyo hakuna mwingine anayetia. Umefikaje kwa ndege?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe, bibi. Ijumaa uliwasha vyetezo vingapi?"

"Vinne. Kimoja cha barazani. Vitatu alivitaka yeye. Akasema nitie mkaa mwingi, avipeleke nje upande wa mabanda, harufu mbaya isiwafikie wageni."

"Uliviona mabandani?"

"Havikuwapo. Vilirudi jioni. Vimegandwa na manyoya. Nikamuuliza, hivi vilikuwa wapi? Akaniambia nisiulize nisichojua."

"Ukanyamaza."

"Nikavisugua kwa majivu, nikanyamaza." Machozi yalimshuka, na hakuyafuta. "Miaka thelathini na minne namsitiri mume wangu. Nilidhani ndiyo kazi ya mke. Kumbe Mwaija yuko ndani kwa sababu yangu."

"Utasema hayo kwa maandishi?"

"Nitayasema hata sokoni."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini wahenga hawakusema nani analipia wakati maradhi bado yamefichwa.

Mzee Shamsudin alikamatwa adhuhuri, anashuka kwenye gari kutoka Vigwaza. Saa nane alikuwa chumba cha mahojiano, kwenye kiti kilekile alichokalia Mwaija. Alimtazama Inspekta akingoja salamu. Inspekta hakumwamkia.

"Mzee Shamsudin, nakuonya. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na litatumika mahakamani. Umeelewa?"

"Mwanangu, mimi na wewe..."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ijumaa saa nane, kasuku mia moja sabini na sita walikuwa wapi?"

"Mabandani."

"Wageni wako walihesabu mia moja na kumi na nane."

"Walikosea."

Inspekta alipanga picha mezani, moja baada ya nyingine. Boriti. Magunia. Mlango wa mninga na zile alama. Juu ya picha akaweka maelezo ya Bi Ummy, yenye dole gumba lake la wino chini.

Mzee aliyasoma maelezo ya mkewe mpaka mwisho. Mabega yakamshuka.

"Ummy kasema haya?"

"Kasema. Sasa sema wewe. Nani aliwaingiza ghalani?"

"Mimi na vibarua wawili wa Makurunge. Saa nne asubuhi, Mwaija alipokwisha kuondoka. Nilitaka wakae saa chache tu. Wageni wakishakula na kuondoka, niwarudishe."

"Magunia ya nini?"

"Kelele."

"Na vyetezo?"

"Harufu. Joto lilipopanda, uvundo ukapenya ukutani mpaka barazani. Wageni wako njiani. Nikasema nifukize. Nguo ikiwa na harufu unaifungia chumbani na chetezo, harufu inakwisha. Nilidhani..."

"Ulidhani kasuku ni kanzu!"

Ishaka, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. Inspekta alishusha pumzi, akajilazimisha kukaa.

"Katikati ya pilau uliinuka. Kelele za nini?"

"Zao."

"Ukaenda ghalani. Ukafungua mlango."

Mzee alizisogeza picha pembeni. Nje askari mmoja alikuwa anacheka kwenye simu.

"Ulifungua mlango, Mzee?"

"Nilifungua."

"Wangapi walikuwa wazima?"

"Moshi ulikuwa mwingi."

"Wangapi?"

"Nusu. Labda zaidi ya nusu. Walikuwa sakafuni, mlangoni, wamerundikana. Wanatweta."

"Ungeuacha mlango wazi, wangepona?"

"Sijui. Baadhi."

"Ukafanya nini?"

"Wageni walikuwa hatua kumi tu, Inspekta. Wangetoka pale mbele yao..."

"Sikukuuliza wageni walikuwa wapi. Nimekuuliza wewe ulifanya nini."

"Niliufunga," alisema Mzee Shamsudin. "Niliufunga tena, nikarudi kula."

Kalamu ya Ishaka ilikwama, akalazimika kuirudia sentensi ile mara mbili.

"Kisha ukanunua kopo la sumu ukamwekea Mwaija."

"Kopo lilikuwapo stoo. Sikununua. Kunguru walipoanza kukusanyika, nikajua watu watauliza. Na Mwaija alikwisha kusema ovyo kila mahali. Nilijua wataamini."

"Na tuliamini," Inspekta alisema kwa hasira ambayo haikuwa ya Mzee peke yake. "Sasa niambie kwa nini. Ulijua mabanda yamejaa. Ulijua miaka mingi. Kwa nini hukusema basi, sina nafasi, wapelekeni kwingine?"

Mzee alikunjua kofia yake, akaikunja.

"Hujui ilivyo. Kabla ya kasuku nilikuwa nani? Mtoto wa tajiri wa mbata aliyefilisika. Napita mjini hakuna anayegeuka. Wale ishirini walipokuja, watu wakaanza kuniita Baba Kasuku. Napita, watoto wananiamkia mbio. Shehe ananitaja mimbarini. Ningesema sina nafasi hata mara moja, wangesema yule kachoka, yule alikuwa anajionyesha tu."

"Kwa hiyo ukawapokea ili usikatae."

"Niliwaokoa! Bila mimi wangekufa kwenye masanduku ya walanguzi."

"Mlanguzi anawafungia gizani bila hewa ili avuke nao mpaka. Wewe uliwafungia gizani bila hewa ili usifiwe. Mlanguzi angalau anataka wafike hai." Inspekta alimsukumia karatasi. "Soma. Kama ndivyo ulivyosema, saini."

Alisoma. Kalamu mkononi, akauliza kwa sauti ndogo, "Redioni watalitangaza jina langu?"

"Saini, Mzee."

Akasaini.

Saa kumi kasorobo Mwaija alitolewa mahabusu. Inspekta Pazi mwenyewe alimrudishia begi lake, sufuria zake na saa yake ya mkononi. Alimweleza yote, bila kuficha ghala, moshi, wala mlango uliofunguliwa na kufungwa tena. Aliomba radhi, kwa ajili ya kopo na kwa ajili ya kicheko cha mwezi wa nne. Mwaija hakupokea radhi hiyo na hakuikataa.

"Waliobaki wamekula?"

"Bi Ummy kawapa mahindi. Hawakugusa."

"Hawali mahindi makavu. Hakuna anayejua hilo?" Alivaa saa mkononi. "Nipelekeni. Lakini kwanza nataka kumwona."

"Sheria hairuhusu shahidi..."

Inspekta aliishia hapo mwenyewe. Akampeleka.

Mzee Shamsudin alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, kanzu imeingia vumbi. Alipomwona Mwaija alinyanyuka haraka, akashika nondo.

"Mwaija! Wewe unanijua. Miaka sita tumekuwa pamoja. Waambie hawa jinsi nilivyowapenda wale viumbe. Nilikosea, nakubali, lakini waambie niliwapenda."

"Kila mmoja nilimpa jina," Mwaija alisema. "Wote mia mbili tisini na nne. Kila asubuhi nawaita, na wewe unapita na simu yako unawapiga picha. Miaka sita, Mzee. Haya, nitajie mmoja. Nikisikia umemtaja mmoja tu, nitakwenda kusema ulivyotaka."

Mzee Shamsudin alifungua kinywa. Alimtazama Mwaija, akamtazama Inspekta, akatazama sakafu kama vile jina limeanguka pale. Midomo yake ilicheza. Mwaija alimngoja, kwa utulivu, hata Ishaka akaona haya akageuza uso.

Halikutoka hata moja.

"Twende, afande," alisema Mwaija. "Wana njaa."